Teke la Mashoto

Mtu akipigwa vizuri kwenye ini haanguki papo hapo. Hupiga hatua moja au mbili, usoni hana habari, kisha miguu inamkatalia na anaketi chini kama aliyekumbuka jambo. Nimeliona pigo hilo kwenye kumbi za Bangkok na Marseille, likitoka kwa watu waliofundwa tangu utotoni. Lakini aliyelipiga kwa uzuri kuliko wote niliowaona alikuwa Mwishehe Pazi wa Tandika, wilaya ya Temeke, fundi wa mitambo ya kufuma nguo, aliyejifunza ngumi kwenye timu ya kiwanda na mateke kwenye kanda za video.

Walimwita Mashoto. Teke lake la mguu wa kushoto lilipita chini ya kiwiko cha mpinzani na kuingia pale mbavu zinapoishia, upande wa ini, na halikuwa na kelele. Watazamaji wa mara ya kwanza walidhani amekosa.

Alilifanyia mazoezi nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwenye gunia la katani lililoning'inizwa kwenye boriti. Ndani ya gunia mlikuwa na sweta za sufu na makoti mazito ya Ulaya, mali iliyomdodea Gaspar, muuza mitumba wa soko la Tandika. Gaspar ndiye aliyelijaza, ndiye aliyelishona lilipopasuka, na ndiye aliyelishika kwa mabega yake Mwishehe alipolipiga. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mwishehe alikuwa Mzaramo. Maana yake ni kwamba walikuwa watani hata kabla ya kujuana majina, tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakasirikiwi.

"Mnyamwezi," Mwishehe alikuwa akimwamkia hivyo kila asubuhi, "babu yako kaja pwani kabeba pembe. Mzigo umeshafika. Mbona hamrudi kwenu?"

"Nangoja ufe, mtumwa wangu, nirithi bukta."

"Itakupwaya. Una makalio madogo kama mchele wa kupimiwa."

"Ntaikaza kwa kamba."

Katika miaka yote ya urafiki wao hawakuwa na lugha nyingine. Mtoto wa Mwishehe, Munira, alipozaliwa, Gaspar alimtazama akasema amefanana na nazi iliyooza, na Mwanaasha, mama wa mtoto, alicheka mpaka akashika tumbo. Mama yake Mwishehe alipofariki, Gaspar alilala ndani ya kaburi lililochimbwa akidai mama huyo ni mkewe na hazikwi bila idhini yake. Waombolezaji walicheka huku wakilia, na ndivyo ilivyotakiwa.

Kisha kiwanda kikafungwa. Ilikuwa miaka ile ambapo nguo za mitumba zilishuka bandarini kwa marobota, na vitenge vya nchini vikakosa mnunuzi. Mwishehe hakumlaumu rafiki yake, ingawa alimtania kwamba Wanyamwezi walishindwa kuiua pwani kwa mishale, sasa wanaiua kwa sweta. Alianza kupigana kila alipoitwa. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kukunjamana, na nyusi zilishonwa mara nyingi hata hazikuota tena sawasawa.

Mwaka 1995 Ansbert, mwenye banda la video pale Tandika, alipata kanda ya mapigano ya aina mpya. Watu waliingia ndani ya uzio wa waya, mmoja bondia, mwingine mcheza judo, mwingine mtu wa mieleka, na takribani kila kitu kiliruhusiwa. Banda zima liligawanyika. Kila mara mpigaji hodari wa ngumi au mateke alipokamatwa kiuno na kuangushwa, nusu ya watu walishangilia na nusu walizomea.

"Kupiga kumekwisha!" mmoja alipiga kelele. "Sasa hivi ni kukumbatiana tu!"

"Kama mapenzi," mwingine akaitika.

Mwishehe alisimama mbele ya kioo, akawazibia picha. "Hao wamekosa shabaha, bwana. Mtu anakuja kainama, kaacha mbavu wazi. Mie ningemngoja hapahapa."

"Kaa chini, Mashoto, unatuzibia!"

"Ningemngoja, nawaambieni."

Maneno hayo yalimfikia Godlisten, mwenye baa kule Sinza, mtu aliyejua kunusa biashara. Akatangaza pambano ndani ya ua wa baa yake, kwa uzio wa wavu wa kufugia kuku: Mashoto wa Tandika dhidi ya Revelian, mcheza judo kutoka Ukonga, mtu mpole mwenye shingo pana kama kinu. Kwa Temeke nzima hilo halikuwa pambano la watu wawili tena. Ilikuwa kesi ya ngumi na mateke, na Mwishehe ndiye wakili wake.

Gaspar hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mtu anayeshika gunia huujua mguu wa mwenzake kama mpishi anavyoujua moto, na Gaspar alihisi teke la Mwishehe likichelewa. Nguvu ilikuwapo. Ila kati ya bega kugeuka na mguu kufika palikuwa na pengo ambalo mwaka uliotangulia halikuwapo. Kisha akaanza kuona mengine. Mwishehe alimwita Munira kwa jina la Farida, dada wa Mwishehe aliyefariki zamani. Jioni moja, uani, alimimina chai pembeni ya kikombe. Ikatiririka mkekani naye akaendelea kuzungumza, na birika likaendelea kumimina.

"Mzaramo," Gaspar akasema, "ubongo wako umekuwa uji. Usiende Sinza."

Mwishehe akacheka. "Wa mtama au wa muhogo?"

"Nasema kweli. Ukipigwa tena kichwa, hutoki."

"Bukta hiyo unaitamani sana, eh?"

Mwanaasha, aliyekuwa akiosha vyombo, alicheka pia. Gaspar aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoona jinsi alivyofungwa na utani. Alirudi kesho yake Mwishehe akiwa hayupo. Alivaa shati la kanisani. Alivua kofia, akasimama wima mbele ya Mwanaasha, akasema kwa sauti ya shauri la ukoo:

"Bibi Mwanaasha binti Kondo. Nimekuja kwako kwa heshima. Mumeo ni mgonjwa wa kichwa. Nakuomba umzuie asipigane."

Mwanaasha alimtazama shati, akamtazama kofia iliyoshikwa kifuani. Hakuwahi kumwona Gaspar namna ile. Alianza kutetemeka mabega, kisha kicheko kikamshinda, akaita majirani. "Njooni mumwone Mnyamwezi leo kawa padri!" Walikuja, wakashika mbavu. Kadiri Gaspar alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, maana hakuna utani mzuri kama wa mtani aliyenuna. Alipoinua mkono kuwanyamazisha, Mwanaasha alimmwagia beseni la maji ya vyombo.

Angeweza kumtafuta mtu mwingine aseme badala yake, na alimfikiria imamu. Lakini imamu angeuliza habari zimetoka wapi, na habari zingerudi palepale, kwa Mnyamwezi anayengoja bukta.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Makapeti yalitandikwa juu ya sakafu ya saruji, na watu walipanda mpaka juu ya kreti za bia. Nilikuwapo. Revelian hakupoteza muda. Aliingia chini ya ngumi ya kwanza, akamkumbatia Mwishehe kiunoni, akamwinua na kumshusha kwa kisogo. Mlio wa kichwa kugonga saruji ulisikika chini ya makapeti. Mwishehe aliinuka. Akashushwa tena, akainuka tena, taratibu, akitazama wavu kana kwamba anasoma maandishi.

"Mtoeni!" Gaspar alipiga kelele kutoka kona yake. "Mwamuzi, mtoe!"

"Mnyamwezi kaogopa!" watu wa Tandika wakajibu, na kicheko kikapita juu ya ua wote.

Alirusha taulo la kusalimu amri. Mtu mmoja alilidaka hewani, akajifunga kichwani kama kilemba na kucheza.

Revelian alikuja mara ya tatu, kainama, mbavu wazi kama vile kwenye kanda. Mguu wa kushoto ukaondoka. Ulichelewa, Gaspar aliona ulichelewa, lakini Revelian naye alikuwa amechoka kwa kuinua. Haukutoa kelele. Revelian alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akatafuta pa kuketi, akaketi. Hakuinuka mpaka mwamuzi alipomaliza kuhesabu.

Sijasikia tena kelele kama zile. Wazee wazima walikumbatiana. Mwishehe aliinua mkono, akatembea moja kwa moja mpaka kona ya Revelian, akaketi kwenye stuli ya Revelian na kunywa maji yake. Watu walishangilia upya: tazama jeuri ya Mashoto! Gaspar peke yake ndiye aliyeruka wavu, akaenda kumshika mkono na kumrudisha kona yake.

"Tumeshaanza?" Mwishehe alimuuliza.

"Tumemaliza," Gaspar akasema. "Umeshinda, mtumwa wangu."

Mwanzoni alikuwa shujaa, na wageni walikuja kumpa mkono. Hospitali walisema damu imevia kichwani, wakampa vidonge, wakamtaka apumzike. Kufikia msimu wa mvua alihitaji kushikwa anapokwenda chooni. Jina la Gaspar lilimtoka, ila utani haukumtoka. Alikuwa akimkodolea macho mgeni aliyeketi mkekani kila siku akimlisha uji, kisha anasema, "Wewe. Lini unarudi kwenu na pembe?" Na Gaspar anajibu kwamba anangoja bukta. Mwishehe alikufa asubuhi ya Ijumaa mwaka 1997.

Watani walikuja kwa wingi, kama inavyostahili msiba wa mtu mkubwa. Walizuia jeneza mlangoni, wakadai marehemu hatoki mpaka wapewe jogoo. Waliketi juu ya magunia ya mchele. Lakini watu wote walikuwa wakimngoja Gaspar. Alitoka chumbani kavaa bukta ya Mwishehe juu ya suruali yake, kaikaza kwa kamba.

Aliigiza yote. Namna Mashoto alivyopenda kugusa sikio kabla ya kupiga, namna alivyojisifu bandani, teke lenyewe, na Revelian akitafuta pa kuketi. Watu walicheka wakapiga makofi. Kisha Gaspar alichukua birika lililokuwa mezani, akashika kikombe, akamimina chai pembeni yake. Chai ikatiririka mkekani. Alizungumza huku akimimina, akimwita kila mtoto aliyepita Farida. Wakacheka zaidi. Sijui kama alipanga kufanya hivyo. Mwenyewe alisema mkono ulikwenda tu.

Chumba cha mjane kilitazamana na ua huo, na pazia lake lilikuwa limefunguliwa kidogo.

Siku ya hitima, watu wakila pilau, Munira alikuja kumwita Gaspar. Mwanaasha alikuwa ndani, amekaa eda, haonekani. Gaspar alivua viatu akakaa kizingitini, upande wa pili wa pazia.

"Mtani," sauti ikasema.

"Labeka."

"Siku ile ulipokuja na shati la kanisani."

Gaspar akasogeza viatu vyake pembeni.

"Ulikuwa unatania?"

Aliniambia kwamba alipata muda wa kuvuta pumzi moja tu. Alisikia watu uani wakigombania ukoko. Miaka miwili alikuwa ametafuta namna ya kumfanya mwanamke huyu amsadiki, na sasa yuko tayari, anangoja neno.

"Mwanaasha," akasema, "umewahi kuona wapi Mnyamwezi akisema kweli kwa Mzaramo? Nilikuwa naitaka bukta."

Mwanaasha akalivuta pazia vizuri.

"Umeipata," akasema.

"Inanipwaya. Mumeo alikuwa na makalio ya gunia zima."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha uani, ila kifupi. "Eda ikiisha ntakumwagia maji ya vyombo."

"Ntakuja na sabuni," Gaspar akasema.

Aliinuka, akavaa viatu. Alipiga hatua mbili kuelekea nje, ndipo akamsikia analia.