Mrija Kiganjani

Mhudumu anayewatoa wagonjwa damu katika kliniki yetu hapa Bremen haiweki kwenye friji damu ya kupima mzio wa metali. Huufumbata mrija kiganjani, kwani chembe zikipoa hufa, na mkono wake mwingine hukuna goti juu ya suruali. Ijumaa hamtoi mtu damu hiyo kamwe. Itafia maabara wikiendi kabla ya kupimwa. Jana Bi Tietjen, anayewashwa tangu awekewe goti la bandia, alimuuliza, “Mwanangu, wakikuta ni nikeli, watalitoa?” Mhudumu akauviringisha mrija. Akasema, “Mama, mimi walinikuta na mzio huo wa nikeli miaka minne iliyopita.” Akautia mrija mfukoni, akashika meza kwa mikono miwili, akajiinua kwa goti lile lile la bandia analolikuna.