Kidole Nilichokiacha Gitambi

Hiki ninachokuandikia kilinipata mimi mwenyewe, mchana, bila tone la pombe mdomoni. Anayebisha aje Kamembe, aulize mchoraji ni nani, ataletwa mpaka mlangoni kwangu. Nitamwonyesha kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto, kisha tuone kama ataendelea kubisha.

Kwanza unijue. Shule niliiacha darasa la nne, kule Bukavu nilikokulia, na tuliporudi Rwanda sikuwa na kitu ila brashi niliyoitengeneza kwa manyoya ya mkia wa mbuzi. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, watoto wangu wote wanasoma, na ukitembea Kamembe kutoka sokoni mpaka gereji ya mwisho, unatembea ndani ya kazi yangu. Yule mwanamke mwenye misuko mlangoni pa saluni? Wangu. Ng'ombe wa duka la maziwa, anayekutazama kama anakufahamu? Wangu. Yule bwana wa duka la suti? Wangu pia, na wapo waliomsalimia wakidhani ni mtu.

Na maktaba ninayo, usicheke. Hapa kwetu mifuko ya plastiki imekatazwa, kwa hiyo karanga na sambaza, vile visamaki vya ziwani, hufungwa kwa karatasi. Karatasi nyingi zinavuka daraja la Rusizi II kutoka Bukavu: magazeti ya zamani, vitabu visivyo na majalada, majarida mazito ya wachoraji na wachongaji. Wengine wakinunua karanga wanatupa karatasi. Mimi namwaga karanga mfukoni mwa koti, naikunjua karatasi, naisoma picha. Kivuli cha uso nilijifunza kwenye ukurasa uliokuwa unanuka samaki. Ukurasa mmoja mmoja nimejaza masanduku, na sidhani kama kuna profesa mwenye masanduku kama yangu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishinda: mikono. Watu wangu wote walikuwa na mikono mfukoni, nyuma ya mgongo, au chini ya meza. Nilisema ndiyo mtindo wangu, na watu waliamini, maana nasema vizuri.

Basi kituo kimoja cha afya upande wa Gashonga kikajenga chumba kipya cha kujifungulia. Mkuu wake ni mama mfupi, mkali, tunamwita Maman Titulaire. Alitaka ukuta wote wa mbele uchorwe mkunga akimpokea mtoto. Sikuwa nimewahi kugusa ukuta mkubwa kama ule, na uko barabarani, kila moto, yaani pikipiki ya abiria, inayopita ingeuona. Nikampelekea mchoro. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Papa, huyu maman anapokeaka mutoto na nini? Na kiwiko?"

Nikamwambia mikono ipo, iko chini ya kitambaa.

"Hapa batoto banateleza kama samaki, na weye unafichaka mikono mu kitambaa! Lundi asubui uniletee mikono. Kama hapana, naita ule kijana wa Kigali mwenye diplome."

Jumatatu! Na kijana wa Kigali! Kwenye ukuta wa wilaya yetu ya Rusizi! Usiku ule sikula vizuri.

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda maktaba ya mjini. Dada wa pale alinisaidia kwa moyo wote, tukapita rafu za sheria, za ng'ombe, za kilimo cha kahawa. Katika mambo ya sanaa akapata kitabu kimoja, nacho kilikuwa cha kufuma vitambaa vya meza. Nikaenda kwenye chumba cha vitabu cha parokia. Humo picha zilikuwepo, lakini watakatifu wote walikuwa wameificha mikono ndani ya mikono ya kanzu, kana kwamba na wao walichorwa na mimi. Mke wangu akasema acha ujinga, simu inachora. Akaiagiza. Simu ikaleta mkunga mzuri sana, mwenye vidole sita. Unafikiri Maman Titulaire asingevihesabu?

Jumamosi nikanunua karanga kwa Maman Furaha, mama wa Bukavu anayevuka kila asubuhi na beseni lake. Nikakunjua karatasi. Ndugu yangu, niamini, mwili ulinisisimka. Ukurasa mzima ulikuwa mikono ya mfinyanzi, imechorwa kwa makaa, na udongo unauona ndani ya kucha.

"Maman, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Weye, unakulaka karanga ao unakulaka karatasi?"

"Jibu, maman. Ni kazi."

"Hii haitoke Bukavu. Niliuziwa Gitambi, pale nyuma ya kaliptusi, njia inapokatika. Uende ukakule yote!"

Nikapanda moto. Tulipofika kwenye kaliptusi, ile miti ya mikaratusi, mvua ikashuka, ile mvua yetu inayofanya mchana kuwa kama jioni. Motari, dereva wangu, akajibanza chini ya mti na moto yake. Mimi nikaona nyumba ya udongo mbele, mlango wazi, nikakimbia nikaingia.

Sijui nikuelezeje. Vitabu vilikuwa vimesimama kutoka sakafuni mpaka kwenye paa. Majarida ya sanaa yamefungwa kwa kamba za migomba. Kwenye kigoda karibu na dirisha alikuwa ameketi mzee mwembamba, koti kubwa, blanketi mapajani.

"Karibu, Papa wa mikono mu mufuko," akaniambia. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Minaonaka kazi yako. Ule muntu wa duka ya suti, angali anatafuta mufunguo?"

Wewe ungekasirika. Mimi nilifurahi: jina langu lilikuwa limefika mpaka Gitambi!

Nikamwambia shida yangu. Akaonyesha rafu kwa kidevu. "Fungua mwenyewe. Miye siwezake tena kugeuza. Ila hapana kubeba, hata ukurasa moja."

Nikafungua. Kilikuwepo kitabu cha wachonga vinyago, kingine cha watu waliochora farasi tu maisha yao yote, na kimoja kizito kama jiwe, ndani yake mikono tu: ya mtoto, ya mhunzi, ya bibi anayechambua maharage, ya maiti. Nilitoa simu nipige picha. Simu ikaonyesha karatasi nyeupe. Nikarudia, nyeupe. Halafu paa likavuja, tone likaanguka katikati ya ukurasa, nikaruka kulifuta. Ukurasa ulikuwa mkavu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili anaondoka, sivyo? Sema ukweli, wewe ungebaki? Mimi nilibaki. Nilikuwa nimetafuta vitabu vile maisha yangu yote kwenye karatasi za karanga, halafu nivikimbie kwa sababu havilowi?

Nikachora. Nikagawa kila mkono kwa miraba, kama tunavyofanya sisi wa mabango, na kila mraba ukanifundisha kitu. Viungo vikakaa mahali pake. Nilipoona nimeanza kuweza, nikataka mkono wa mtu hai.

"Mzee, nionyeshe wako."

Akageukia dirisha. Mvua tu juu ya bati. Kisha akasukuma blanketi kwa goti, likaanguka.

Mkono wa kulia wa koti ulikuwa mtupu. Katika wa kushoto palikuwa na mkono, lakini, nakuapia, ulikuwa mchoro. Mistari ya makaa, kivuli, kucha, vyote vimechorwa, na alipougeuza upande ulipotea ukabaki mstari mmoja mwembamba. Vidole vinne vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Gumba halikuwepo.

"Ukuta ulinikamatia mikono yote mbili," akasema taratibu. "Huu nilichora na mudomo. Bidole bine bilikuya. Kile kikubwa nilishindwa. Nilisahau kidole yangu ilifanana je. Na mu bitabu byote hibi ni bidole bya batu bengine." Akanitazama. "Unimalizie, Papa. Nigeuze ukurasa, hata moja tu."

Nikajiuliza: katika Rusizi nzima, nani mwingine angeombwa kazi hii? Kijana wa Kigali? Nikachukua kaa la kuchorea. Nikavifunga vitabu vyote, nikaweka gumba langu la kushoto mbele ya macho yangu, nikalitazama kama sijawahi kuliona. Na kweli sikuwa nimeliona. Nikalichora kwenye mkono wake, baridi kama karatasi iliyolala nje: kifundo, kucha, mistari midogo ya ncha ya kidole, hata kovu la kisu cha kukwangulia rangi sikuliacha. Kazi nusu si yangu.

Gumba likatikisika.

Akaunyoosha mkono, akashika ukurasa wa kile kitabu kizito kati ya gumba na kidole cha pili, akaugeuza. Akageuza mwingine. Machozi yalimtoka mzee yule, na hayakulowesha kitu. Nami, sitasema uongo, nilisimama pale nikiwa na kiburi ambacho hakuna cheti kinachoweza kukupa.

Mvua ikakatika mara moja, kama bomba lililofungwa. Nikamuaga, nikatoka na michoro yangu. Motari alikuwa ananitazama na macho makubwa.

"Papa, ulisimama mu mihogo, mu mvua yote ile, unaandika nini?"

Nikageuka. Kaliptusi, mihogo, na kipande cha ukuta kilichofika magotini. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka mifupani. Michoro yangu ilikuwa mikavu.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani akatueleza. Pale aliishi mwalimu wa kuchora, alirudi kutoka Bukavu na vitabu vingi kuliko masufuria. Mvua iliangusha nyumba, ukuta ukamponda mikono alipokuwa anaviokoa vitabu, na hakukaa sana baada ya hapo, akafariki. Karatasi zilizookolewa ziliuzwa kwa kilo.

Jumatatu nikaiweka michoro mezani kwa Maman Titulaire. Aliweka mikono yake mwenyewe kando ya ile ya karatasi, akalinganisha, akageuza viganja.

"Hii mikono," akasema, "nilishaiona ku kazi. Anza leo."

Nenda ukauone ukuta ule. Wajawazito wanaugusa kabla ya kuingia, wameuchakaza pale kwenye vidole, na kila baada ya muda naitwa kuvirudishia rangi. Hata yule kijana wa Kigali alikuja, akajipiga picha mbele yake, akaniuliza nilitumia kitabu gani. Nikamwambia kanunue karanga.

Lakini baada ya ukuta kukauka nilikwenda Rusizi II, nivuke nikanunue rangi. Ofisa wa mpaka akaniambia niweke gumba la kushoto kwenye mashine. Mashine kimya. Akanifuta kidole kwa kitambaa, tukarudia. Kimya. "Papa, kidole yako haina kitu," akasema. Nikakitazama. Kilikuwa laini kama ukurasa mpya. Mistari haipo. Kovu halipo. Mpaka leo ni hivyo, navuka kwa mkono wa kulia.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Mwezi uliopita nikanunua karanga kwa Maman Furaha, na safari hii karatasi ilikuwa imetoka Bukavu, alinihakikishia. Mchoro mpya wa makaa, daraja na watu wenye mizigo kichwani, mikono yote inaonekana. Mistari ya kivuli ililala kinyume, kama ya mtu anayechorea kushoto. Na pembeni, pale mchoraji aliposhika karatasi, palikuwa na alama ya gumba lenye kovu la kisu.

Basi wewe unayetafuta vitabu vya kuchora, nakuonya. Ukiingia mahali ambapo mvua hailowanishi karatasi, soma, chora, ushukuru. Mwenye vitabu akikuomba ummalizie kitu, kitazame vizuri kwanza kile utakachokichora, maana hutakiona tena mwilini mwako. Mimi nilikitazama vizuri, na sijuti. Wachoraji wengi wanalala jioni kazi yao inalala nao. Mimi nikilala, kidole changu kinachora Bukavu.

Na karatasi ya karanga usiitupe kabla hujaikunjua. Ikiwa na alama ya lile gumba, niletee Kamembe. Hiyo ni ya maktaba yangu.