Jina la Mtoto wa Kyule

Baridi ya Nunguni ya mwezi wa saba haina adabu. Hupenya sweta, hupenya blanketi, na Syokau, aliyezaliwa Ikutha kwenye jua kali, hajaizoea hata baada ya miaka ishirini na sita ya kuolewa huku milimani. Lakini mwaka huu hakulalamika sana. Angeanzia wapi? Mwezi wa sita mumewe Musyimi alisimikwa kuwa mzee wa kanisa, akavaa suti ambayo Syokau aliishona mwenyewe na kuipanua mara mbili, kwa kuwa mzee hakusema ukweli kuhusu tumbo lake. Mwezi wa saba binti yao Kavindu alihitimu uuguzi kule Kitui, na ukoo mzima ukaenda kula wali na kupiga picha hadi simu zikazimika. Bomba la maji likafika getini. Ng'ombe akazaa mtamba. Halafu wiki ya pili ya Agosti, Kyule, kifungua mimba wa nyumba hiyo, akapiga simu kutoka Emali: mkewe Wariara amejifungua salama, mtoto wa kike.

Syokau alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akakaa kwenye cherehani yake na furaha ikaanza kumsumbua.

Huku Ukambani, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Hilo hata waliookoka hawalipingi. Shida ni kwamba Kyule alikuwa na mama wawili. Aliyemzaa alikuwa Nduku, mke wa kwanza wa Musyimi, aliyefariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Aliyemlea ni Syokau.

Alipoletwa kama bibi harusi alimkuta mtoto huyo amesimama getini, anamngoja mama yake arudi. Siku mbili alikataa uji. Siku ya tatu Syokau aliacha kumbembeleza, akachukua kigoda, akaenda kukaa naye pale pale, wakangoja wote wawili. Jioni mtoto alichoka, akamlalia mapajani. Kabla ya Krismasi alikuwa akimwita mwaitu, yaani mama yangu, na hakumwita vingine tena. Na Musyimi, kwa kumheshimu mke mpya, hakulitamka jina la Nduku tena ndani ya nyumba hiyo.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: mtoto ataitwa nani? Syokau alilitaka jina hilo liwe lake. Tusimfiche, alilitaka sana. Alilitaka hata akaona haya, maana kugombania jina na marehemu si jambo la mke wa mzee wa kanisa. Na watu hawakumsaidia. Dada ya Musyimi, Kalunde, alipita kuchukua sare ambazo Syokau aliwashonea wajukuu wake, akasema, "Aa, jina si linajulikana?" Linajulikana lipi? Syokau hakuthubutu kuuliza. Alimkatia uzi, akamshukuru kwa kupita.

Siku hiyo alianza kumshonea mtoto koti dogo la flaneli. Fundi huandika jina la mteja kwenye kitambaa kwa chaki, ili nguo zisichanganyike, na mkono wake ukaandika Syokau kabla hajaufikiria. Aliliangalia jina hilo kwa dakika nzima, akatabasamu peke yake. Kisha akalifuta, maana Musyimi alikuwa anaingia na maziwa.

Jumamosi wakafika. Wariara aliingia polepole, amejifunga leso mbili, na Kyule nyuma yake amembeba mtoto kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Waliombewa, wakapewa chai. Ndipo Kyule akamweka mtoto mikononi mwa Syokau, akatoa mfukoni karatasi ya hospitali.

"Mwaitu, hapa kwa jina tumewacha nafasi. Tulitaka useme wewe."

"Mum, tulishasikizana," Wariara akadakia, anacheka. Wazazi wake ni wafanyabiashara waliotoka Murang'a wakahamia Emali, na Kiswahili chake kilikuwa na haraka ya dukani. "Ni Syokau. Hakuna story nyingine."

"Ni jina lako," Kyule akasema. "Kwani kuna nani mwingine?"

Syokau alikuwa ameyangoja maneno hayo wiki nzima. Yalipofika yalimchoma. Kuna nani mwingine? Kijana hakusema kwa ubaya; alisema kwa kuwa kweli hakukumbuka. Syokau alimtazama Musyimi, akamkuta ameinamia kikombe kana kwamba anasoma kitu mle ndani. Akamtazama mtoto. Paji la uso lilikuwa la Kyule, na halikuwa la Musyimi. Kuna mwanamke aliyeliacha paji hilo hapa duniani, akaondoka na miaka mitatu tu ya kulibusu, na leo katika nyumba yake mwenyewe hapakuwa na mtu wa kumtaja. Syokau alimhurumia mno. Wivu wote wa wiki ile ukamtoka.

"Anaitwa Nduku," akasema.

Kyule akaishusha karatasi. "Lakini mwaitu, si tumekubaliana..."

"Mmesema niseme. Nimesema."

Akainama, akamnong'oneza mtoto kana kwamba ndiye marehemu mwenyewe, ingawa kila mtu alisikia. "Nduku, karibu nyumbani. Mtoto wako ndiye huyu hapa. Uliniachia mdogo, hata uji alikuwa anakataa. Muangalie sasa, ana ndevu. Nimekulelea."

"Nduku," Musyimi akasema, kwa sauti ndogo. Alilitamka mara moja tu, kisha akakohoa na kusema chai ina moshi.

Kyule alichukua kalamu. Aliandika polepole, na alipomaliza hakuinua kichwa. "Na wewe je?" akauliza akiwa ameinama hivyo hivyo. "Jina lako litaenda wapi?"

"Zaeni mwingine."

"Wa pili ni wa mamangu," Wariara akasema, nusu kicheko, nusu kilio. "Hata kwetu ni hivyo, mum."

"Basi wa tatu." Syokau akamweka mtoto vizuri begani. "Mnaharakisha nini? Mimi niko. Siendi popote."

Kisha akamwambia Kyule aende akanawe uso kwenye bomba, maana watu wa kanisa walikuwa karibu kufika kumwona mtoto.