Wale Sita Wasiopakwa Kitu

Siddamma hakuwa mtu wa kuona kiumbe anaumwa akapita. Miaka kumi na tisa aliwalisha sungura wa maabara ya chuo kimoja cha dawa, mjini Mysuru, India, na kila mmoja alimpa jina, ingawa daftari liliwataka wawe namba tu. Ukimcheka, alikuambia hata wewe utotoni ulibembelezwa kwa jina.

Mwaka mmoja Nagashree, mwanafunzi aliyekuwa akijaribu marhamu yake ya vidonda, aliitwa nyumbani kwenye arusi ya kaka yake. Alikuwa amewatia ganzi sungura kumi na wawili na kumkata kila mmoja kidonda mgongoni.

"Amma," alimwambia, kama akina mama wanavyoitwa huko, "hawa sita wapake marhamu kila asubuhi. Wale sita usiwapake kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nisipolinganisha, nitajuaje kama dawa inaponya?"

Siku mbili Siddamma alivumilia. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sungura ni mficha maradhi asiye na kilio. Wa kumjua ni aliyemzoea. Siku ya tatu alimkuta Mallige, jike mdogo kuliko wote katika wale sita wasiopakwa, amejikunyata, hata majani ya giligilani hayataki. Moyo ukamshinda. Alikuwa amelea watoto wanne, na hakuna goti lililochubuka nyumbani kwake likakosa manjano. Manjano si dawa, alijiambia, ni kitu cha jikoni tu. Akawapaka wote sita kwa siku saba, na siku ya mwisho akawafuta kwa maji ya uvuguvugu. Mallige alianza kula, na Siddamma akafurahi peke yake.

Nagashree aliporudi alipima vidonda mara mbili, kisha akakaa sakafuni.

"Vyote vimepona sawasawa, Amma. Marhamu yangu si kitu. Miaka mitatu yote hii!"

Wengi wetu tungefagia tukaenda zetu. Siddamma naye alishika fagio, maana alijua akisema, kazi hana. Lakini akinyamaza, sungura wale watakuwa wamekatwa bure.

"Mwanangu, niliwapaka manjano."

"Uliwapaka nini?"

"Manjano. Walikuwa wanaumwa."

Nagashree alitaka kufoka. Badala yake alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Basi naanza upya. Sungura wengine kumi na wawili."

Hilo Siddamma hakulifikiria kabisa. Kufukuzwa alikutarajia, kumi na wawili wengine, la. Alilia mpaka msichana akamshika mabega.

"Kwa nini hukuniambia wanaumwa, Amma?"

"Uliniuliza lini?"

Nagashree hakumshtaki. Alimketisha mezani amweleze sungura mwenye maumivu anakaaje, masikio yake, macho yake, akaandika yote, akaiomba kamati ya chuo inayosimamia wanyama wa majaribio dawa ya maumivu kwa wapya wote kumi na wawili. Kamati ikakubali.

Sungura wapya walipofika, Siddamma aliomba awashike yeye wakati wa kukatwa. Kila asubuhi aliwapaka marhamu sita wa kwanza. Kisha alikwenda kwa wale wengine, akaketi mbele yao kwa mikono mitupu, akawaomba radhi.