Bamba Linamngoja Baba

Juzi nilimfokea binti yangu. Tulikuwa tumemaliza kupika chapati uani, naye, mtoto mwenye adabu zake, akashika kitambaa asafishe bamba. "Wacha! Kaka yako hajafika!" Alishtuka utadhani ameona nyoka. Sasa we ndugu yangu, ungemwelezaje mtoto wa siku hizi?

Bamba lenyewe ni lile lile la Buyenzi, mtaa niliokulia. Baba alikuwa fundi wa magari. Alilikata kutoka ubavu wa lori bovu, na nyanya, mama yake, akalipikia chapati za kuuza mbele ya nyumba miaka yote ya vita. Alilisafisha likiwa la moto. Alikwangua mabaki kwa kipande cha chuma, kwaru kwaru, akanyunyiza maji yakalia chwaa, akafuta, kisha akachovya nusu ya kitunguu kwenye mawese na kulipaka mpaka ling'ae. Sabuni, alisema, ni ya nguo. Harufu ile, wallahi, hata leo inanitia njaa.

Lakini hakulipaka kabla baba hajarudi. Kwake, kupaka mafuta ni kusema wote wamekula, jiko limefungwa. Na kumfungia jiko mtu aliye njiani ni kumtakia asifike. Basi chapati ya baba ilibaki pembeni mwa bamba, nasi tukakaa roho juu, couvre-feu, ile saa ya kutotoka nje, ikikaribia na majirani wakifunga milango. Mnyororo wa baiskeli yake ulipolia, nilikimbia kumletea nyanya kitunguu.

Jioni moja risasi zilianza mapema, upande wa kaskazini, na mvua ikaja nazo. Baba hakuonekana. Jirani yetu, mshona viatu, akaita kwa sauti ya chini dirishani: "Mama, paka mafuta uingie! Chuma italiwa na kutu!"

"Apana," nyanya akasema. "Mutoto wangu hajakula."

Akaifunika chapati, akaibeba, akanishika mkono, tukaingia. Bamba likabaki nje. Nilijibana ubavuni mwake akivuta tasbihi, na kila tone lililogonga chuma lile nilidhani ni hatua za mtu.

Asubuhi bamba lilikuwa jekundu. Nyanya hakulitazama hata kidogo. Alikaa mlangoni, macho barabarani. Halafu, mnyororo! Barabara ilikuwa imefungwa, baba akalala garajini. Kabla ya salamu aliona bamba lake: "We mama, umeniharibia chuma yangu!" Nyanya akacheka, akalia, akampa chapati baridi. Aliila akiwa amesimama, kisha akalisugua bamba kwa mchanga na kipande cha tofali, akawasha moto, akapaka mawese upya.

Nyanya alishaondoka. Baba pia, kwa ugonjwa, kitandani mwake, alhamdulillah. Couvre-feu hakuna, na baiskeli ile sijui iliishia wapi. Siku hizi watu wanapiga simu. Juzi mwanangu naye alipiga: yuko njiani, foleni ndefu, tule tu.

"Si umesikia, mama?" binti akanicheka. "Yuko salama."

Nilimwambia nimesikia. Bamba likapoa, giza likaingia, nami nikakaa pale pale kwenye kigoda, chapati moja pembeni. Geti lilipolia, ndipo nilipomwambia binti: "Haya mama, washa moto tena. Leta na kitunguu."