Macho Mekundu ya Hemedi

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika Mpapura, hakuna mwanamume anayeulizwa kwa nini macho yake ni mekundu. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, haina adabu, humwingia kila mtu. Hemedi aliipenda kwa hilo. Tangu wamzike mama yake, kifua kilikuwa kizito, usingizi ulimkimbia, na machozi yalimtoka bila kuitwa. Basi akawa wa kwanza kujitolea kupulizia hata mashamba ya majirani. Kijiji kizima kikamsifu kwa uchapakazi. Maskini, laiti wangejua!

Angemwambia nani? Kaka yake Iddi ndiye aliyemlea jandoni, akamfunza kwamba mwanamume halii hata akikatwa. Na shangazi yao, aliyekuwa akiongea peke yake, alifungiwa chumba cha uani mpaka akafa, watu wakinong'ona kuwa ukoo ule una wazimu. Hemedi alikuwa na binti, Hawa, aliyeposwa. Akifungua mdomo tu, posa ya Hawa ingerudi ilikotoka.

Asubuhi moja alirudi kutoka shambani akijifuta macho.

"Salfa," akamwambia mkewe, Mwanakombo, kabla hajaulizwa.

"Baba Hawa, bomba la kupulizia si analo shemeji Iddi tangu jana?"

Mwanakombo hakupiga kelele wala hakutaja majini. Alimsogezea kigoda, naye akaketi mkekani karibu yake mpaka mumewe akasema yote: kwamba kukicha hatamani kuamka, na kwamba anaogopa.

"Hospitali ya mjini yupo daktari wa mambo hayo," mkewe akasema. "Kesho tunakwenda."

Mara Iddi akaingia, bomba mgongoni. "Lo! Napuliza mimi, salfa inakukomesha wewe!" akacheka.

Ilikuwa rahisi kuitikia tu. Hemedi akamtazama mkewe. "Siyo salfa, kaka. Nalia. Naumwa moyoni, na kesho nakwenda kutibiwa."

Kicheko kikakatika. Iddi akalitua bomba, akachungulia njiani kama kuna anayepita. Hemedi akajiandaa kutukanwa. Lakini kaka mtu aliketi taratibu, akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "huyo daktari anapokea na watu wa umri wangu?"