Neno Alilobadilisha Thurstan

Kaka yangu Thurstan alichemsha chumvi hapa Nantwich miaka thelathini, hadi vidole vyake vikapasuka na asiweze kufunga kifungo. Lakini kila harusi aliitwa yeye kughani. Hakujua kusoma, mimi ndiye niliyepelekwa shule ya mapadri. Beti alizirithi kwa babu, na hazikuwa na vina mwishoni kama hizi za London. Kwetu maneno mazito ya mshororo huanza na sauti moja, na sikio hulijua neno kabla halijatamkwa.

Ubeti uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa utabiri: “Mwezi mwekundu, moshi mweusi, msiba kwa mfalme.” Mwaka mmoja ilikatazwa kumtabiria mfalme mabaya, na mwashi wa kijiji jirani alinyongwa kwa maneno machache kuliko hayo. Nilimsihi Thurstan auache. Akasema akiuacha watu watauliza sababu; ataubadilisha kidogo tu.

Kwenye harusi ya binti wa jirani alikuwepo karani mgeni kutoka mahakama ya Chester, anakula jibini polepole. Hatukujua nani kamwalika. Watu wakaudai ule ubeti. Thurstan alinitazama, kisha akaghani:

“Mwezi mwekundu, moshi mweusi, msiba kwa tajiri.”

Kila mtu alisikia lile pengo la sauti, akainamia sahani yake. Ila shangazi Emmot, aliyetulea, ambaye hatoki nyumbani ila kwa harusi, wala hajui habari za sheria, alicheka.

“Wee Thurstan, bia imekupanda kichwani? Tajiri anaingiaje hapo?”

“Ndivyo ilivyo, shangazi.”

“Usinifundishe mimi beti za baba yangu. Msiba kwa mfalme. Sema vizuri, mwanangu.”

Karani aliweka kisu chini. Akauliza, kwa adabu kabisa, ubeti huo ni wa nani: wa bibi huyu au wa mghani.

“Ni wangu,” alisema Thurstan. “Yeye anarudia tu aliyoyasikia kwangu.”

Siku ileile, shangazi akiwa amekwisha kulala, karani alikuja na askari wakampeleka Chester. Homa ya gerezani ilimchukua kabla ya hukumu, na kaburi hatukuonyeshwa. Ninamwombea kila misa.

Shangazi huuliza mezani atarudi lini. Tunamwambia amepeleka chumvi mbali, Mungu atusamehe. Jana nilimkuta na binti yangu mapajani, anamfundisha: mwezi mwekundu, moshi mweusi. Mtoto alikwisha kulijua neno la mwisho. Nilikwenda kufunga dirisha, na nje palikuwa na mtu amesimama, anasikiliza.